Jinsi ya kukokotoa ongezeko la watu kwa vipeo na logi, kuanzia namba za sensa

Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2012 ilihesabu watu 44,928,923 nchini Tanzania. Ya Agosti 2022 ikahesabu watu 61,741,120. Kwa namba hizi mbili na kikokotoo chenye kitufe cha ln (logi asilia), unaweza kujibu maswali matatu yanayorudi kila bajeti inapokaribia: tunaongezeka kwa kasi gani, mwaka fulani tutakuwa wangapi, na lini tutafika idadi fulani. Maswali hayohayo huwatoa jasho wanafunzi kwenye mtihani, hasa hilo la tatu, kwa sababu kinachotafutwa kimekaa juu kwenye kipeo na hakishuki kwa kujumlisha wala kugawanya. Kinashushwa na logi.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa sekondari, mwalimu wake, na ofisa mipango wa halmashauri anayetakiwa kuandika namba itakayojengewa kisima au darasa. Nitatumia takwimu halisi za sensa kwa sababu zina faida moja kubwa: utabiri wa zamani unaweza kupimwa kwa hesabu iliyofuata. Hapo ndipo mtu anajua fomula inaweza nini na haiwezi nini.

Kwa nini kipeo

Watu huzaliwa na watu. Kijiji cha watu 1,000 kinachoongezeka kwa asilimia 3 kitapata watu 30 mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili asilimia 3 hiyo inachukuliwa kwenye 1,030, si kwenye 1,000 tena, na kila mwaka hivyohivyo. Kwa hiyo hatujumlishi 30 kila mwaka, tunazidisha kwa 1.03 kila mwaka. Kuzidisha namba ileile mara nyingi ndiko kipeo.

Watoto hawazaliwi wote tarehe 31 Desemba. Wanazaliwa kila saa, na watu wanafariki na kuhama kila saa. Ndiyo maana hesabu za idadi ya watu hupendelea fomula hii:

P = P₀ × e^(rt)

P₀ ni idadi ya kuanzia, P ni idadi baada ya muda, t ni muda kwa miaka, r ni kasi ya ongezeko kwa mwaka ikiandikwa kwa desimali (asilimia 3 ni 0.03), na e ni namba isiyobadilika, takriban 2.71828. Kwenye kikokotoo utaikuta kama kitufe cha eˣ, mara nyingi juu ya kitufe cha ln, kwa sababu viwili hivi vinatenguana: ln ya eˣ ni x. Ukitumia simu, programu nyingi za kikokotoo huonyesha vitufe hivi ukiilaza simu kwa upande.

Vitabu vingine hutumia P = P₀ × (1 + i)^t, ambapo ongezeko linahesabiwa mara moja kwa mwaka. Zote mbili ni sahihi, ila usichanganye kasi ya moja na fomula ya nyingine. Kwa miaka mitano hutaona tofauti ya maana. Lakini chukua watu milioni 61.74 na asilimia 3.2 kwa miaka 50: fomula ya e inakupa karibu milioni 306, ile ya (1 + i) inakupa milioni 298. Hao milioni saba na ushei hawajazaliwa na mtu, wamezaliwa na fomula.

Hatua ya 1: Pata kasi kutoka sensa mbili

Gawanya idadi ya mwisho kwa ya mwanzo:

61,741,120 ÷ 44,928,923 = 1.3742

Maana yake, kwa miaka kumi watu wamekuwa mara 1.3742 ya walivyokuwa. Hiyo ni sawa na e^(10r). Sasa piga ln pande zote mbili:

ln 1.3742 = 10r
0.3179 = 10r
r = 0.0318

Yaani asilimia 3.2 kwa mwaka, kasi ileile iliyotangazwa rasmi baada ya sensa ya 2022.

Kuna makosa matatu ambayo hapa ndipo yanapozaliwa, na yakishaingia hesabu yote inayofuata imeharibika.

La kwanza ni kugawanya asilimia ya jumla kwa miaka. Mtu anaona ongezeko la asilimia 37.4, anagawanya kwa 10, anaandika 3.74. Ijaribu: zidisha milioni 44.93 kwa 1.0374 mara kumi. Unapata karibu milioni 64.9, wakati sensa ilihesabu 61.7. Umewaongeza watu milioni tatu ambao hawapo, kwa sababu umesahau kwamba kila mwaka ulizidisha juu ya ongezeko la mwaka uliotangulia.

La pili ni mabano. Ukiandika ln 61.74 ÷ 44.93 bila mabano, vikokotoo vingi vitapiga ln ya 61.74 kwanza, kisha kugawanya, na kukupa 0.0918. Andika ln (61.74 ÷ 44.93). Njia salama zaidi ni kugawanya kwanza, ukabonyeza kitufe cha =, ndipo upige ln ya jibu. Mkanganyiko unaofanana na huo ni kuandika ln 61.74 ÷ ln 44.93. Kanuni ya logi inasema ln (a ÷ b) ni ln a kutoa ln b, si ln a kugawanya kwa ln b.

La tatu ni miaka. Sensa za Tanzania hazikufuatana kila baada ya miaka kumi. Baada ya 1988 (milioni 23.10) iliyofuata ilikuwa 2002 (milioni 34.44), miaka 14. Ukigawanya kwa 10 kwa mazoea unapata asilimia 4.0, kasi ambayo ingeshtua wizara nzima. Ukigawanya kwa 14 unapata 2.9, ambayo ndiyo sahihi.

Na usikatekate desimali mapema. Beba r ikiwa na tarakimu nne baada ya nukta hadi mwisho. Utaona punde kwa nini.

Hatua ya 2: Tabiri idadi ya mwaka fulani

Hii ndiyo rahisi kuliko zote. Agosti 2030 ni miaka 8 baada ya sensa ya 2022:

P = 61.74 × e^(0.0318 × 8)
P = 61.74 × e^0.2544
P = 61.74 × 1.2897
P = 79.6

Takriban watu milioni 79.6, kasi ikibaki ileile. Hayo maneno matatu ya mwisho yaandike kila mara kando ya jibu lako. Nitayarudia chini, kwa sababu ndiyo yenye uzito kuliko namba yenyewe.

Hatua ya 3: Tafuta muda, yaani kazi ya logi

Lini Tanzania itafika watu milioni 100?

100 = 61.74 × e^(0.0318t)

Kwanza iache e peke yake. Gawanya kwa 61.74:

1.6197 = e^(0.0318t)

Sasa t iko juu. Piga ln pande zote. Upande wa kulia ln na e zinatenguana, kipeo kinashuka chini:

0.4822 = 0.0318t
t = 15.16

Miaka 15 na miezi miwili hivi kutoka Agosti 2022: Oktoba 2037.

Angalia sasa ingekuwaje kama ungekata kasi mapema na kuandika 0.03. Ungepata miaka 16.07, umekosea karibu mwaka mzima kwa tarakimu mbili ulizozitupa.

Asiye na kitufe cha ln asijione ameachwa. Aliyesoma logi kwa kitabu cha majedwali anaweza kufanya kazi ileile kwa logi ya kumi na fomula ya (1 + i). Kasi ya mwaka kwa fomula hiyo ni asilimia 3.23 (mzizi wa kumi wa 1.3742, kutoa 1), kwa hiyo:

1.0323^t = 1.62
t × log 1.0323 = log 1.62
t × 0.0138 = 0.2095
t = 15.2

Jibu ni lilelile. Kinachofanya kazi hapa si aina ya logi, ni ile tabia ya logi yoyote kukigeuza kipeo kuwa kizidishio. Chagua moja tu na uitumie pande zote mbili.

Swali la lini watu wataongezeka mara mbili ni swali hilohilo, ila idadi ya kuanzia inajifuta yenyewe: 2 = e^(rt), kwa hiyo t = ln 2 ÷ r, na ln 2 ni 0.6931. Kwa kasi ya 0.0318 ni miaka 21.8. Ile njia ya mkato ya kugawanya 70 kwa asilimia ya kasi inatoka hapa: 69.3 imekuzwa kuwa 70 ili igawanyike kichwani. 70 ÷ 3.2 inakupa 21.9. Kwa mkutanoni inatosha.

Hatua ya 4: Kabla hujaamini kasi yako, iulize historia

Hatua hii huachwa na wengi, na kwa maoni yangu ndiyo inayotofautisha hesabu ya darasani na hesabu ya kujengea shule. Chukua sensa zote tangu ya 1967, iliyokuwa ya kwanza baada ya Uhuru, na upige ln ya kila moja (idadi ikiwa kwa milioni):

1967: 12.31, ln yake 2.510
1978: 17.51, ln yake 2.863
1988: 23.10, ln yake 3.140
2002: 34.44, ln yake 3.539
2012: 44.93, ln yake 3.805
2022: 61.74, ln yake 4.123

Chora grafu, miaka kwenye mhimili wa chini, ln kwenye mhimili wa kusimama. Kama ukuaji ni wa kipeo kweli, nukta zitajipanga karibu na mstari mnyoofu, na mwinuko wa mstari huo ndio r. Nukta hizi zinajipanga vizuri. Mwinuko kati ya kila sensa na inayofuata ni 3.2, kisha 2.8, 2.9, 2.7, halafu 3.2 tena kwa asilimia. Kwa miaka 55 yote wastani ni 2.9.

Kwa hiyo kasi ya 3.2 ni ya juu ndani ya historia yetu wenyewe. Ukirudia swali la milioni 100 kwa kasi ya 0.0266, ile ya 2002 hadi 2012, unapata miaka 18.1, yaani mwishoni mwa 2040. Jibu la uaminifu basi ni kati ya 2037 na 2040 endapo kasi itabaki ndani ya mipaka tuliyoizoea. Mtihani unataka tarehe moja, mpe. Baraza la madiwani lipe mipaka miwili.

Kasi inaweza pia kutoka nje ya mipaka hiyo. Kenya ilihesabu watu milioni 10.94 mwaka 1969 na milioni 15.33 mwaka 1979. Kasi ni asilimia 3.4. Mtu aliyekaa mwaka 1979 akatabiri miaka 40 mbele angepata milioni 59. Sensa ya 2019 ilihesabu milioni 47.6. Hesabu yake haikuwa na kosa hata moja. Kilichobadilika ni familia. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikuwa na wastani wa watoto 8 maishani mwake. Utafiti wa afya wa 2022 ulikuta 3.4. Tanzania mwaka huohuo wa 2022 ilikuwa 4.8. Kwa sababu hiyo naona miaka 10 hadi 15 ndiyo mwisho wa busara kwa fomula hii peke yake. Ukivuka hapo unahitaji makadirio yanayotenganisha umri, uzazi na vifo.

Ipo fomula ya ukuaji wenye kikomo, iliyotolewa na Mbelgiji Pierre-François Verhulst mwaka 1838, ambayo mstari wake hupanda kisha ukalala. Inafaa kwa bakteria maabara au samaki bwawani, ambako kikomo cha chakula kinapimika. Kwa nchi ya watu, kikomo hicho lazima ukibuni mwenyewe, kwa hiyo siishauri kwa mipango ya halmashauri.

Dar es Salaam, na mpaka unaoficha watu

Mfano wenye somo kubwa uko Dar es Salaam. Mkoa ulikuwa na watu milioni 2.49 mwaka 2002 na milioni 4.36 mwaka 2012. Kasi:

ln (4.36 ÷ 2.49) ÷ 10 = 0.056

Asilimia 5.6. Mwaka 2012 utabiri wa miaka kumi mbele kwa kasi hiyo ungetoa milioni 7.6. Sensa ya 2022 ilikuta milioni 5.38. Pengo la watu milioni mbili na robo, kwa muda wa miaka kumi tu, kwa fomula iliyofuatwa hatua kwa hatua.

Sasa tazama mkoa wa jirani. Pwani ilikuwa na watu milioni 1.10 mwaka 2012 na milioni 2.02 mwaka 2022, kasi ya asilimia 6.1. Kibaha, Mkuranga, Kisarawe, Bagamoyo: anayejua barabara za kutoka mjini anajua nyumba zilizoota huko. Mji ulivuka mpaka wa mkoa, lakini jedwali lilibaki ndani ya mpaka. Jumlisha mikoa miwili: milioni 5.46 mwaka 2012, milioni 7.41 mwaka 2022. Kasi ya pamoja ni asilimia 3.0, chini kidogo ya ile ya taifa. Ukiitazama Dar peke yake unadhani jiji limepoa, ukiitazama Pwani peke yake unadhani kuna mlipuko. Kwa hiyo kabla ya kukokotoa r ya eneo dogo, uliza watu wanahamia wapi, na kama mpaka wa eneo lenyewe umehamishwa kati ya sensa mbili. Kata nyingi zimegawanywa miaka ya karibuni. Kata iliyomegwa itaonekana imepungua watu, na ln itakupa r hasi bila kukuonya.

Swali la watahini: lini Pwani itaifikia Dar es Salaam? Kasi ya Dar kati ya 2012 na 2022 ni ln (5.38 ÷ 4.36) ÷ 10 = 0.021, na ya Pwani ni ile 0.061. Andika fomula mbili na uzilinganishe:

5.38 × e^(0.021t) = 2.02 × e^(0.061t)

Gawanya pande zote kwa 2.02, kisha kwa e^(0.021t). Vipeo vya e vinatoana:

2.663 = e^(0.040t)
0.9796 = 0.040t
t = 24.5

Miaka 24 na nusu, kila mkoa ukiwa na watu kama milioni 9. Kama zoezi la logi ni zuri sana, kwa sababu t iko pande zote mbili na mwanafunzi analazimika kuzikusanya kwanza. Kama utabiri, sitaki mtu auweke kwenye mpango: umeshaona asilimia 5.6 ya Dar ilivyoishia.

Ukiitumia kwenye kata yako

Chukua kata ya mfano iliyokuwa na watu 18,400 mwaka 2022, pembezoni mwa mji, kasi asilimia 5. Kisima na tangi vinatosha watu 30,000. Lini maji yataanza kupungua?

t = ln (30,000 ÷ 18,400) ÷ 0.05
t = 0.4889 ÷ 0.05
t = 9.8

Katikati ya 2032. Rudia kwa kasi ya asilimia 4 na ya 6, unapata miaka 12.2 na 8.1, yaani kati ya mwishoni mwa 2030 na mwishoni mwa 2034. Kwa maji, chukua tarehe ya mapema. Ikiwa kuchimba, kununua pampu na kulaza mabomba huchukua miaka mitatu tangu fedha ziombwe, ombi liingie kwenye bajeti ya 2027, na kando ya namba uandike kasi uliyotumia, sensa ulizozitoa, na mipaka ya kata ilivyokuwa siku ya kuhesabiwa, ili atakayeshika faili baada yako aweze kupiga hesabu upya sensa ijayo itakapotoka.